Mahindi Niliyomwekea Mungu

Mchungaji wetu kijana anapenda kuhubiri mvua. Likitanda wingu juu ya vilima vya Kisarawe, basi Jumapili hiyo mahubiri yote ni wingu, umande, maua ya kondeni, na jinsi Mungu anavyosema na watu wake kwa majira ya mwaka. Watu wanatikisa vichwa. Mimi nakaa benchi la tatu upande wa wanawake, nimekunja mikono, namtazama. Yule hajalima. Viatu vyake vinang'aa hata mwezi wa nne, wakati sisi wengine tunaingia kanisani na udongo mwekundu mpaka magotini. Kama Mungu anasema na mtu kwa majira, basi aulizwe mkulima amesema nini. Na mara nyingine alichosema hakifai kurudiwa mbele ya watoto.

Nayaweka haya mwanzoni ili anayetafuta maneno matamu asipoteze muda wake. Mimi ni mwanamke mzee. Shule nilikwenda mpaka nikajua kuunganisha herufi, nikatolewa nikalee wadogo zangu, kwa hiyo nikikosea mahali msomaji atanyoosha mwenyewe. Nina ugomvi, na ugomvi wangu ulianza kwenye mahindi. Lakini siwezi kueleza mahindi kabla sijaeleza kengele.

Kanisa letu kule Kisarawe ni la tangu enzi za misheni. Kuta nene, madirisha membamba, na nje kuna kengele ya chuma imening'inizwa kwenye nguzo mbili. Mkristo wa pale akifa, kengele inapigwa pigo moja, kimya, pigo moja, kimya, tangu jeneza linapotoka nyumbani mpaka linapofika mlangoni. Ukiwa shambani ukaisikia, unaacha jembe, unasimama, unasema leo fulani anapita. Baba yangu alipigiwa. Mama alipigiwa. Mume wangu alipigiwa, mvua inanyesha, na aliyekuwa anapiga alilowa chapachapa asiache. Wote wamelala nyuma ya kanisa, na ubavuni mwa mume wangu pana nafasi ambayo hakuna anayeigusa, maana kila mtu anajua ni ya nani.

Sasa pale kwetu pana sheria mbili. Ya kwanza, Mkristo mwenye nguvu zake asiyeshiriki Meza ya Bwana tangu Pasaka mpaka Pasaka nyingine, kengele haimhusu. Atazikwa, ndiyo, hatuachi mtu juu ya ardhi, lakini kimyakimya. Ya pili, mwenye ugomvi na mwenzake haendi Mezani mpaka wapatane. Zifunge hizo mbili pamoja uone nilivyobanwa. Nilikuwa na ugomvi. Sikutaka kupatana. Pasaka ilikuwa inakuja, na miguu yangu inavimba siku hizi hata nikishinda nimekaa, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Wenzangu wanaomba mambo makubwa. Mimi naomba kelele ya chuma siku ambayo sitaisikia.

Nakaa Mkuza, Kibaha, kwa binti yangu. Alinichukua baada ya baba yake kufa. Ana nyumba ya tofali, geti la bati, na vigae sebuleni vinavyoteleza kama bamia, na mahali pa kuchimba pamebaki kama upana wa kitanda. Nimepanda mchicha hapo, kuku wa jirani wanaula. Kila mwisho wa wiki natafuta bodaboda, napita njia ya Kiluvya, napanda vilima mpaka kwenye nyumba aliyoniachia baba, na shamba lake la udongo mwekundu, na mikorosho yake iliyozeeka kuliko mimi.

"Mama, utakuja kuanguka huko," binti ananiambia.

"Nikianguka kule nitakuwa nimeanguka kwetu. Hapa nitaangukia kigae."

"Kuna kanisa hapa hapa barabarani, mama. Hatua chache tu."

Nalijua. Lina maspika makubwa kuliko mlango. Krismasi wanasimamisha tawi la mvinje pale mbele, wanalibandika pamba iwe kama theluji, na sisi tumekaa chini yake jasho linatutoka mpaka kwenye nyayo, mwezi wa kumi na mbili Kibaha, feni imekufa. Nikamwuliza mama mmoja jirani yangu, hii pamba ni ya nini? Akasema ni baridi ya kuzaliwa kwa Bwana. Nikasema sawa, atakuwa alizaliwa kwa watu wengine. Halafu Sikukuu ya Mavuno! Watu wa viwanja, hawana hata mti wa mpapai, wanakwenda sokoni wananunua kabichi. Kabichi imepanda lori huko milimani, imeshushwa, imenunuliwa na mchuuzi, imenunuliwa na huyu, inapelekwa madhabahuni bado iko ndani ya mfuko, inaitwa mavuno yetu. Umevuna nini wewe? Umevuna foleni.

Baba yangu asingekanyaga pale. Baba alikuwa mkali na Mungu wake alikuwa mkali, walielewana. Alikuwa hana kalenda, lakini alijua mwaka wa kanisa kwa miguu. Mchanga ukimuunguza nyayo, alisema Kwaresima imefika, maana ni wakati ambao hata bila kufunga huna cha kula. Mvua ya kupandia ikishuka, alisema tujiandae na Pasaka. Pasaka ni mbegu inapotoa kichwa, Pentekoste ni mahindi yanapotoa ndevu. Hakuna mchungaji aliyemfundisha hivyo. Na mvua ikichelewa alikuwa anakwenda katikati ya shamba, anavua kofia, anamsema Mungu kwa sauti, kama mtu anayemsema mdogo wake aliyetumwa dukani hajarudi. Sisi watoto tulikuwa tunajificha nyuma ya mikorosho, tukingoja radi impige. Haikumpiga.

Sheria yake kubwa ilikuwa malimbuko. Hindi la kwanza haliliwi. Mahindi yakishajaa punje, hata kama ndani ya nyumba mmekaa na maji na chumvi, hakuna anayevunja hindi mpaka Jumapili ya Malimbuko ipite, mpaka kapu la kwanza lifike mbele ya kanisa na liombewe. Siyo moja unaweka pembeni halafu mengine unakula. Shamba zima linasimama. Mdogo wangu aliwahi kuiba hindi moja akalichoma, baba akanusa moshi, na sitasema kilichotokea. Nami sheria hiyo nimeishika maisha yangu yote. Mume wangu alikuwa ananicheka, lakini hakuwahi kuvunja hindi.

Basi, mwaka ule mvua za masika zilikuja vizuri. Nilipanda peke yangu, nikapalilia peke yangu, nikipumzika kila mstari. Mwezi wa sita ukaingia na mahindi yamejaa, mazito, majani ya chini yameanza kukauka. Nikaandaa kapu. Jumapili, mchungaji akasimama baada ya ibada kwenye matangazo:

"Wapendwa, Malimbuko tutayasogeza mbele kidogo. Wageni wetu wa kutoka mjini hawajawa tayari."

Nilimfuata nje.

"Mchungaji, mahindi yangu hayawafahamu hao wageni."

"Vumilia, mama. Ni kidogo tu. Wanatuletea bati za ofisi."

"Mahindi yamekomaa. Nguruwe pori wananichungulia."

"Mungu atayalinda, mama. Si umemwekea yeye?"

Akacheka, akanishika bega. Nikarudi shambani, nikapanda kwenye dungu, kile kibanda chetu cha miti cha kulindia, nikakaa kule juu na debe bovu la kupigia, mimi na miguu yangu. Jumapili iliyofuata wakaahirisha tena. Safari hii ni hema, hema lilikuwa kwenye harusi ya mtu. Nikakaa tena juu. Kipupwe kilikuwa kimeshaingia, asubuhi kuna ubaridi wa kukuingia kwenye mifupa. Binti akanipigia simu, mama rudi, una kliniki ya miguu. Nikarudi Mkuza kwa ajili ya kliniki. Nikamwambia Mungu, haya, mchungaji amesema utalinda, linda. Nilimwambia hivyo hivyo, sikupamba.

Nilipanda vilima siku ya pili yake, na kabla sijashuka kwenye pikipiki nikaona migongo. Migongo ya ng'ombe, mahali palipokuwa pana mahindi. Walikuwa wanatafuna taratibu kama watu walioalikwa. Yaliyobaki yalikuwa mabua, na kelele za meno.

Mwenye ng'ombe alikuwa katikati yao na fimbo. Namfahamu. Ni mfugaji aliyehamia kutoka kaskazini na familia yake, mtu mzima mwenye mvi kidogo, ameweka zizi ng'ambo ya korongo. Na ni Mkristo, tunasali naye kanisa moja, anakaa nyuma kabisa upande wa wanaume. Aliponiona akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Toa ng'ombe."

"Natoa, mama. Alfajiri walibomoa zizi, nimewafuata mpaka..."

"Toa ng'ombe kwanza, hadithi baadaye."

Akaanza kuwapigia mbinja. Waligeuka wanane, kumi wakabaki. Akasema, "Pole sana, mama. Nisamehe. Ng'ombe hajui mpaka."

"Yeye hajui, wewe unajua. Ndiyo maana hukupewa pembe."

"Kweli, mama. Lakini mimi ni ndugu yako katika Bwana."

"Nakusikia kila Jumapili, unaimba sauti ya nne. Ng'ombe wako wanaimba ya ngapi?"

Halafu akasema jambo ambalo lilinichemsha mpaka leo nikilikumbuka napata kiu. Akasema, "Ila mama, haya mahindi yalikuwa yamekomaa muda mrefu. Tunapita hapo njiani tunashangaa, huyu mama havuni kwa nini?"

Nilimwona kama ananicheka. Kumbuka alinipa shikamoo, na mimi sikumpa marahaba. Katika maisha yangu sijamnyima mtu marahaba, hata mlevi, hata mwizi wa kuku aliyekamatwa amefungwa kamba alinisalimia nikamwitikia. Yule nilimnyima. Mwenyekiti wa kijiji alituita, akataka mfugaji anifidie, na mwenyewe alikuwa tayari. Nikakataa. Mwenyekiti akaniuliza unataka nini basi, mama? Nikamwambia sitaki kitu, maana yale hayakuwa yangu ya kulipwa. Yalikuwa yameshatolewa. Mwenyekiti ni Mwislamu wa familia ya siku nyingi pale, mtu wa heshima, akanitazama sana, akasema, "Hapo sasa mimi siwezi. Hiyo kesi ya ofisi nyingine."

Malimbuko yalipofika hatimaye, wageni wakaja na hema likaja. Nilikaa benchi la tatu mikono mitupu. Mwanamke wa mjini aliyejifunga kitenge kipya akapita mbele yangu na kabichi. Sina la kuongeza. Ikaja Meza, sikwenda. Mwezi uliofuata ikaja Meza, sikwenda. Majirani wakaanza kunihesabia kwa macho.

Vuli haikunyesha. Yaani ilinyesha kule barabarani Kibaha, kituo cha Picha ya Ndege walipata mpaka madimbwi, watu wa mabasi wanaruka matope, na kule vilimani kwenye mbegu likapita wingu kama msafara wa mkubwa, limefunga vioo. Nilikwenda katikati ya shamba kama baba. Kofia sina, nikavua kilemba. Nikamwambia Mungu: nilikuwekea ukawapa ng'ombe, na sasa unanyima hata ya kupandia. Ulikuwa unataka nini, useme? Upepo wa kaskazi ukanijazia mchanga mdomoni. Nikalichukua hilo kuwa ndilo jibu, nikarudi ndani.

Kiangazi kikawa kirefu. Majani yakaisha, korongo likabaki nyufa, na ng'ombe wa yule bwana wakaanza kufa. Ukikaa uani kwangu ulikuwa unapata harufu. Niliwaona tai wamejipanga kwenye mkorosho wangu, wananingoja na mimi pengine. Nikampigia binti simu, nikamwambia Mungu amesikia.

"Amesikia nini, mama?"

"Ng'ombe wanakufa."

"Mama! Hilo ni ombi gani?"

"Ni ombi kama maombi mengine, ila hili limejibiwa."

Alikata simu. Sikujali. Nilishika usemi huo mwezi mzima: mahindi yalikuwa ya Mungu, ng'ombe wamekula ya Mungu, Mungu anakula ng'ombe. Ulikuwa unanipa nguvu kuliko dawa za kliniki.

Kwaresima ikafika, mchanga unaunguza nyayo kama alivyosema baba. Nikapanda kule kusafisha shamba nikitegemea mvua. Nilipofika nikasimama. Shamba zima lilikuwa na marundo. Rundo hapa, rundo pale, kwa mistari, mavi ya ng'ombe makavu, mengine mabichi ndani. Yamemwagwa toka mkorosho wa kwanza mpaka kwenye korongo, na alama za magurudumu ya mkokoteni.

Lazima nieleze, maana watu wa bara watanishangaa. Sisi watu wa vilima hivi hatutii kinyesi shambani. Shamba likichoka unaliacha lipumzike, unahamia upande wa pili, majani ya mkorosho yanaanguka yanaoza, basi. Chakula kilichooteshwa kwenye kinyesi, mama yangu asingekipitisha mlangoni. Kwa hiyo mimi niliona kitu kimoja tu: mtu amekula mahindi yangu, kisha ameyarudisha hivyo. Nilimwita mchungaji kwa simu aje aone nilivyotukanwa. Akaja, akaruka rundo la kwanza, akakanyaga la pili.

"Mama, hii si ni mbolea?"

"Haya ni mavi. Tazama kiatu chako kisha uniambie jina lake."

"Labda amekusaidia."

"Kama amenisaidia, mbona hakupiga hodi?"

Akakwangua kiatu kwenye mkorosho, akaondoka. Nguvu za kuyazoa sikuwa nazo, na kumlipa mtu ayazoe niliona aibu, maana ningelazimika kueleza. Nikasema mvua itayasomba. Mvua ikaja, ile kubwa ya kwanza, ya kupiga bati mpaka huwezi kuzungumza. Haikuyasomba. Iliyalowesha ikayazamisha. Na mimi mbegu nilikuwa nayo mkononi, na majira hayangoji hasira ya mtu, nikapanda hivyo hivyo, nimeziba pua kwa kanga.

Wiki ya Pasaka mahindi yalikuwa yananifika kiunoni. Sijaona mahindi ya namna ile tangu baba akiwa na meno yake. Shina nene kama kifundo cha mkono, kijani mpaka linakaribia weusi. Nilipita kati ya mistari nimekasirika. Nilitaka yawe mabaya. Nilitaka walau upande mmoja uungue niseme si mliona. Hakuna. Kila jani lilikuwa limejaa maji, linanipigapiga mikononi kama linaniita.

Jumapili ya Pasaka kukawa na mvua. Kanisa limejaa, harufu ya nguo mbichi. Pale kwetu kabla ya Meza mchungaji husema: mwenye neno na mwenzake atoke naye nje, wamalizane, ndipo waje. Husemwa kila mara na hakuna anayetoka. Watu huinamisha vichwa, wanangoja lipite. Mimi mwaka mzima nilikuwa nainamisha kichwa. Siku ile nikaikumbuka kengele, nikatazama miguu yangu, imejaa viatuni kama unga uliochachuka. Nikasimama. Benchi likalia. Nikageuka nyuma nikamnyooshea kidole.

"Wewe. Njoo nje."

Akaja. Tulisimama chini ya upenu, maji yanamwagika mbele yetu kama pazia, na ndani ukimya, unajua kabisa wamesimamisha masikio.

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo yako iko shambani kule tangu mwaka jana. Nijibu. Yale mavi ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Ulikuwa unanitukana?"

Alinitazama kama nimemzungumzisha Kichina. "Kukutukana? Mama, nilibeba mwenyewe kwa mkokoteni. Ng'ombe wa kukokota alikuwa ameshakufa. Nilikokota mimi. Sikuwa na kitu kingine cha kukupa, fidia ulikataa. Zizini kilichobaki kilikuwa hicho."

"Hukupiga hodi."

"Ningepiga ungenifungulia?"

Nisingemfungulia. Nikahamia kosa lingine. Nikamwambia, "Uliniuliza kwa nini sivuni. Ulinicheka."

"Sikukucheka. Nilikuwa nauliza. Mpaka leo sijajua."

Kumbe kweli hakujua. Mwaka mzima nilimchukia mtu nikidhani anajua alichokula. Nikamweleza malimbuko, baba, shamba linavyosimama, kapu la kwanza. Nilieleza kwa ukali, kama mtu anayesoma mashtaka. Alisikiliza mpaka mwisho. Uso ukambadilika.

"Kwa hiyo walikula ya Mungu," akasema.

"Walikula ya Mungu."

"Ndiyo maana wamekufa."

Alisema taratibu, kama mtu aliyetafuta ufunguo nyumba nzima ameuona. Na yale ndiyo yaliyokuwa maneno yangu, usemi wangu wa mwezi mzima, ulioninyoosha mgongo. Nilipoyasikia kinywani mwake nikapandwa na hasira ambayo sikuitegemea.

"Usiwe mjinga," nikamwambia. "Wamekufa kwa kukosa majani. Umeona mvua wewe? Ng'ombe wa watu wote wamekufa. Mungu ana kazi gani na mahindi? Anayala? Ataua ng'ombe wa mtu mwenye watoto kwa ajili ya kapu la mahindi?"

Akaniangalia. Hakuna ujanja usoni mwake, naapa.

"Sasa kama hayali, mama, ulikuwa unamwekea nani?"

Sina jibu. Nilitazama lile pazia la maji, nikamwona baba na kofia mkononi, nikataka kumwuliza yeye. Wakati huohuo mlango ukafunguka, mchungaji akatoa kichwa na kanzu yake nyeupe.

"Wapendwa, mmemaliza? Watu wanangoja."

Nikamgeukia. Nilifurahi kumwona, nilikuwa na hasira nzima haina pa kukaa.

"Hatujamaliza, maana wa tatu ndiyo kwanza anafika. Njoo huku. Mahindi yalikomaa, nikakwambia. Ukasogeza mbele kwa ajili ya bati. Ukasogeza tena kwa ajili ya hema. Ukaniambia Mungu atalinda, ukacheka. Ulimwahidia Mungu kazi ambayo hujamwuliza."

Yule mfugaji naye akamgeukia, pole pole. "Kumbe ni wewe, mchungaji?"

"Jamani," mchungaji akasema, "leo ni Pasaka."

"Na wewe una ugomvi," nikamwambia, "na mwenye ugomvi haendi Mezani. Sheria ni yako."

Ndani mtu mmoja akakohoa, mwingine akacheka akazibwa mdomo. Mchungaji alitazama mlango, akatazama mvua. Halafu akatoka kabisa, akasimama nasi, matone yakimpiga kanzu, na viatu vile vikaingia kwenye tope. Akasema, "Nisamehe, mama. Sikujua kama bado kuna mtu anayeyangoja Malimbuko kweli."

Hilo lilinichoma kuliko yote. Lakini lilikuwa kweli, na ukweli mimi hupokea hata ukiwa na miiba.

"Nimesikia," nikasema. Nikamgeukia yule wa ng'ombe. "Na wewe, marahaba. Ila zizi lako lirudi nyuma. Na likija tena lile rundo, piga hodi."

"Asante, mama."

"Usiniasante. Ingia ndani, unalowa."

Nilikula Meza siku ile. Mkate ulikuwa mkavu kama kawaida. Niliporudi benchini sikusikia amani wanayoisema, nilisikia miguu inauma, na nikasikia nimeshapata kengele yangu. Basi. Tulikuwa wenye kosa kadhaa, na kila mmoja alisimama pale nje akasema lake. Mmoja hakutoka. Yeye ndiye aliyekabidhiwa shamba lile siku ya kliniki, yeye ndiye aliyepeleka vuli barabarani, na hajasema neno. Nikipanda kule kila wiki namkumbusha, kilemba mkononi, katikati ya mistari. Na mahindi yale yanazidi kunenepa, yananisikiliza nikimsema mwenyewe.

Sasa yametoa ndevu. Mchungaji ametangaza Malimbuko ni Jumapili ya pili ya mwezi wa sita na ameapa haitasogea hata wageni wakifa njiani. Mwaka huu shamba zima halitasimama. Baba atanisamehe au asinisamehe, nitamkuta huko. Nimetenga mistari ya mbele, ile inayotazama njia, na mimi na yule mfugaji tumeizungushia miiba, yeye anakata, mimi nagomba. Kapu la kwanza atalibeba yeye, maana miguu yangu haitafika nalo, na maana nusu ya mahindi yale yalitoka zizini kwake. Aliniuliza tena tukiwa tunafunga miiba, mama, umepata jibu la lile swali? Nikamwambia kata miti wewe. Mahindi ya mistari ile yatasimama mpaka Jumapili hiyo. Yule niliyemwekea ajue siku, na ajue kuwa Jumatatu asubuhi nitakuwa na sufuria jikoni.